Siku ya kwanza sipimi dirisha

"Dada, hupimi?"

Mama mwenye nyumba aliniuliza hivyo kwa mara ya pili, safari hii amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwake Luchelele tangu saa tisa alasiri. Chai nimeshamaliza, futi kamba bado imo mkobani. Nikamjibu kwamba nasubiri jua lishuke. Akacheka, akarudi jikoni, nikamsikia akimwambia mtu jambo kwa Kisukuma. Mimi ni Mkerewe, Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini neno "fundi" nililishika, na kicheko kilichofuata nilikielewa bila mkalimani.

Simlaumu. Ukiita fundi wa mapazia unategemea apande kwenye kiti, anyooshe futi, aandike, aseme bei, aondoke. Nami nilikuwa hivyo. Miaka 14 niko kwenye kazi hii, na ile ya mwanzo niliifanya kwa cherehani ya miguu kwenye kibaraza cha watu, mitaa ya karibu na Makoroboi. Siku hizo nilikuwa nafika kwa mteja mbio, napima mbio, nashona mbio. Madeni ya haraka hiyo nililipa baadaye, mengine kwa pesa taslimu.

Nyumba yenyewe imekaa juu ya mawe, kama nyumba nyingi za Mwanza, na sebule yake inaangalia ziwa. Madirisha saba kwa jumla, ya aluminiamu, yale ya kusukuma pembeni, yana nondo kwa ndani na wavu wa mbu. Mama alikuwa na picha kwenye simu: sebule ya watu wa mbali, mapazia ya mahameli ya kijivu (siku hizi wengi wanasema velveti), mazito, yamemwagika sakafuni kama gauni la bibi harusi. "Nataka hivi hivi," aliniambia. "Usinibadilishie."

Saa kumi na nusu jua likagusa ukingo wa zulia. Saa kumi na moja lilikuwa limepanda kwenye kochi la watu watatu, na kwenye televisheni sikuona kitu ila sura yangu mwenyewe. Ghuba iko magharibi mwa nyumba, kwa hiyo jua la jioni linaipiga sebule ile mara mbili: mara ya kwanza kutoka juu, mara ya pili likidunda kutoka majini. Ule mwanga wa pili ndio msumbufu. Unaingia kutoka chini, unacheza darini, na kibaraza hakiuzuii. Mama aliporudi alijifunika macho kwa kiganja ili anione. Nikamuuliza jioni huwa wanakaa wapi. Akasema wanakaa uani, sebuleni hakukaliki mpaka saa moja.

Kumbe alikuwa ananiambia kazi yote, ila hakujua. Picha ile ya kwenye simu ilitoka nchi ambako sebule inatafuta joto. Mahameli kule inawafaa, inakaa dirishani kama blanketi. Huku ungefunika dirisha la magharibi kwa mahameli saa kumi, ukazuia jua na upepo kwa pamoja, halafu ukawasha feni kujipepea joto ulilolifungia ndani mwenyewe.

Na upepo una ratiba yake. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri ndio unavuma hasa. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Shia, yaani lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, kwenye dirisha la namna hii mchana linajaa ndani kama tanga la mtumbwi, na usiku linavutwa nje mpaka linang'ang'ania wavu. Ukilishona bila uzito kwenye upindo, miezi michache tu utaona sehemu za chini zimechanika kwa kukwaruzwa na nondo. Mimi siku hizi natia kamba yenye uzito wa madini ya risasi ndani ya upindo wa shia. Haionekani, na pazia linatulia.

Kuna wadudu pia. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa: wale wadogo wanaoinuka juu ya maji makundi makundi, kwa mbali ukadhani ni moshi wa moto uliowashwa katikati ya ziwa. Hawaumi. Wanazidi siku za mwezi mwandamo, na wakiona taa wanakuja nyumba nzima. Ukimponda mmoja kwenye kitambaa cheupe anaacha doa la kijani. Kwa hiyo nyumba ya ufukweni siipi shia inayotaka kupelekwa kwa dobi maalumu. Naipa shia ya poliesta, inayofuliwa kwenye beseni asubuhi na kurudi dirishani mchana, na ninaitundika kwenye bomba lake peke yake ili mtu asilazimike kushusha pazia zito kila wadudu wanapopita. Mabomba mawili yanaongeza gharama, ndiyo. Wateja hulalamika siku ya kulipa.

Jioni ile nilikuwa na mwenzangu pale sebuleni, bibi wa nyumba, mama yake mzazi yule mama. Amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, makochi hayataki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kushona?"

"Nimekuja kuangalia kwanza."

"Angalia," akasema, kama mtu anayenipa ruhusa. Akanisimulia kwamba kabla ya nyumba hii palikuwa na nyumba yake ya udongo, na kwenye yale mawe ya nyuma alikuwa anaanika dagaa. Mwaka ukifika mwishoni anahamisha dagaa upande ule, akanyoosha kidevu kuelekea chumba cha watoto, kwa sababu huko ndiko wanakauka. Nikaitika, "Eee bibi," huku naandika saa ambazo jua limefika kwenye kochi. Alikuwa na ombi moja tu: chumbani kwake aweze kuona geti bila kufungua pazia lote. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu, akivuta pazia anavuta kwa mmoja.

Siku ya pili ndiyo nikapima. Na hapo nieleze vizuri, maana vijana wanaojifunza kwangu hupenda kuruka hapa.

Dirisha halipimwi mara moja. Upana unapimwa juu, katikati na chini, urefu unapimwa kushoto, katikati na kulia, na unatumia futi ya chuma. Ile ya kushonea inavutika. Nyumba zetu zina mafundi wengi, kila mmoja na timazi yake. Kwenye sebule ile sakafu ilitofautiana karibu sentimita 2 kutoka kona hadi kona. Ukishona kipande cha kushoto na cha kulia kwa urefu mmoja, kimoja kitaning'inia na kingine kitaburuza, na mwenye nyumba atasema umekosea kukata.

Halafu bomba. Wengi wanalifunga juu kidogo tu ya fremu na kulimaliza pale dirisha linapoishia. Pazia likifunguliwa linabaki limekaa juu ya kioo, na mwanga uliolipia kwa dirisha kubwa unaupoteza. Dirisha la sebule lilikuwa na upana wa mita 2.4. Nikaongeza sentimita 25 kila upande, bomba likawa la mita 2.9, ili pazia likifunguliwa likae ukutani. Kwenda juu nikalipandisha karibu na dari. Kutoka hapo hadi sentimita 1 juu ya sakafu nikapata mita 2.45. Kumwaga kitambaa sakafuni nilimkatalia mama waziwazi: vumbi, mopu na mtoto anayetambaa, vyote vitapita hapo.

Kitambaa cha pazia lazima kiwe kipana kuliko bomba, la sivyo likifungwa linakuwa shuka lililotandazwa ukutani. Kwa kitambaa kizito nazidisha mara 2, kwa shia mara 2.5. Bomba la 2.9 mara 2 ni mita 5.8. Ongeza pindo za pembeni za vipande viwili, inafika mita 6. Ukipata kitambaa cha upana wa mita 2.8, unakilaza, upana wake unakuwa urefu wa pazia: 2.45, jumlisha sentimita 10 za juu na 15 za upindo wa chini, ni 2.70. Kinatosha bila kiungo hata kimoja. Unanunua mita 6, umemaliza.

Kitambaa cha upana wa mita 1.5 ni habari nyingine, na kitambaa chenye maua makubwa ni habari ya tatu. Hapa ndipo nilipoungua. Ilikuwa kwa mteja wa Nyakato, miaka yangu ya mwanzo, dirisha la kiasi hiki hiki. Nilihesabu vipande vinne vya mita 2.70, jumla 10.8, nikanunua mita 11 na kujiona nimebana matumizi. Ua la kitambaa kile lilikuwa linajirudia kila sentimita 64. Ili maua yakutane kwenye viungo, kila kipande kilitakiwa kianzie kwenye ua lile lile, maana yake kila kipande kitumie marudio matano kamili, yaani mita 3.20. Vinne ni 12.8. Nilipungukiwa mita karibu mbili. Nikarudi dukani, jora lilikuwa limeisha. Wakanipa kutoka jora jingine, namba ile ile, jina lile lile, na rangi yake ilikuwa imepauka kiasi kwamba hata mtoto angeona. Mapazia yale yako kwangu hadi leo. Mteja nilimnunulia kitambaa kingine, na mwezi ule kodi ya kibaraza nilikopa.

Kosa la mahameli lilikuwa la Bwiru. Mahameli ina manyoya, na manyoya yana upande yanakolalia. Ukikata kipande kimoja kikielekea juu na kingine kikielekea chini, utapata mapazia mawili ya rangi mbili kutoka kitambaa kimoja. Niliyatundika usiku, taa ikawadanganya wote waliokuwepo, wakanipigia makofi. Asubuhi nikapigiwa simu. Tangu hapo kila kipande ninachokata nachora mshale wa chaki kwa nyuma, hata kama ni kitambaa kisicho na manyoya.

Nilirudi Luchelele na vipande vya mita 2 vya vitambaa vitatu, mahameli yake ya kijivu ikiwemo, nikavibana dirishani kwa vibanio vya nguo saa kumi na moja jioni. Sikumwambia kipi kizuri. Nikaviacha wiki nzima. Mteja ukimkatalia kwa mdomo anaona unamdharau, au unataka kumuuzia kilichopo kwako. Kitambaa kikilala dirishani kwake siku saba kinajieleza. Siku ya nne mama akapiga simu: mahameli haitaki sebuleni, watu wanatoka jasho, ila hawezi kuiacha kabisa. Tukaipeleka chumbani kwake, dirisha la mashariki, kwa vile anafanya kazi zamu za usiku na asubuhi anataka giza. Huko mahameli imepata kazi inayoiweza. Sebuleni akachagua kitambaa cha rangi ya mchanga, ufumaji wake kama wa kitani ingawa ni poliesta, nami nikakitia bitana nyeupe kwa nyuma.

Bitana ndiyo kitu cha kwanza watu wanachofuta kwenye hesabu wakitaka kupunguza bei. Ndiyo inayopigwa na jua badala ya kitambaa chako. Dirisha la magharibi bila bitana, rangi inaanza kufa kwenye zile kingo zinazokaa nje pazia likifunguliwa, na unabaki na mistari kama ya pundamilia. Jua hili hatuna msimu wa kulikimbia.

Aliuliza kwa nini nisimpe pamba halisi, sisi si ndio watu wa pamba? Swali zuri, na linauma kidogo. Usukuma umelima pamba tangu babu zetu, na waliokua hapa enzi za Mwatex, kile kiwanda cha nguo, wanakumbuka vitambaa vilivyofumwa Mwanza hii hii. Lakini jora nyingi ninazokata leo zinapanda basi kutoka Kariakoo, na nyingi ni za kutoka nje. Pamba ukiipata ni nzuri, inapumua, ila inarudi nyuma ikifuliwa. Mita 2.45 ikipungua asilimia 4 tu, imepoteza karibu sentimita 10, na pazia linakuwa suruali ya mvulana aliyerefuka ghafla. Ukiitaka, iloweke na uipige pasi kabla ya kuikata.

Advansi nachukua asilimia 70 kabla mkasi haujagusa kitambaa. Hili silijadili, kitambaa kilichokatwa kwa dirisha lako hakimfai mtu mwingine.

Ushonaji sina mengi ya kusema, cherehani inajua kazi yake. Labda hili la ringi, zile pete za juu ya pazia zinazopita kwenye bomba: idadi yake kwa kila kipande iwe shufwa, nane au kumi, isiwe witiri. Zikiwa shufwa, kingo mbili za pazia zinageukia ukutani. Zikiwa witiri, ukingo mmoja unakutazama usoni na hutajua kwa nini pazia halikupendezi. Na upindo wa chini siumalizi kwenye karakana. Naushikiza kwa uzi mrefu, natundika, naacha pazia lining'inie siku moja au mbili lijivute kwa uzito wake, ndipo nashona palepale.

Kwa bibi sikutumia ringi kabisa. Ringi kwenye bomba la chuma zinakwama, zinataka mikono miwili na hasira. Nikamfungia reli darini, yenye vigurudumu, na kijiti chepesi cha kuvutia kimefungwa kwenye ukingo wa pazia. Pazia lake nililigawa vipande vitatu badala ya viwili, ili kile kidogo cha upande wa geti kifunguke peke yake. Alilivuta, akalirudisha, akalivuta tena. Hakusema asante. Akaniambia kijiti ni kirefu, nikikate. Nikakikata.

Siku ya kutundika ilikuwa na mikasa ya kawaida. Umeme ukakatika drili ikiwa imeingia nusu kwenye lenta, fundi wangu akasahau fisha za saizi ya 8 na bodaboda ikaenda kuzitafuta Nyegezi. Tukamaliza saa mbili usiku kwa tochi za simu. Hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Mama alilipa, akapiga picha, akawatumia dada zake, nami nikaondoka nikiamini nyumba ile nimeisoma yote.

Mwezi wa kumi na mbili akapiga simu. Sauti ilikuwa ya adabu, na mteja akiwa na adabu nyingi ujue kuna jambo. "Dada, chumba cha watoto kinawaka. Jioni jua linalala kitandani."

Nikamwambia haiwezekani, dirisha lile linaangalia kusini, nilikaa pale alasiri nzima na jua halikuligusa. Niliangalia hata daftari. Kweli niliandika: watoto, kusini, hakuna jua. Dirisha lile nililipa kitambaa chepesi cha vibonzo bila bitana na bomba fupi, nikajisifu kwa kumwokolea pesa.

Nilipofika saa kumi na moja jua lilikuwa kitandani kama alivyosema, limepita kimshazari chini ya kibaraza na kufika mpaka ukuta wa pili. Nilikuwa nimepima katikati ya mwaka, wakati jua letu linapita upande wa kaskazini. Mwisho wa mwaka linahamia kusini, na kuanzia asubuhi mpaka jioni linatembea upande ule wa nyumba. Jambo hili lilifundishwa shuleni, kuna mtihani nililijibu. Kulitoa kwenye mtihani na kulitia kwenye futi kamba ndiko kulikonishinda.

Nikashusha mapazia ya watoto. Bitana nilinunua mimi, ushonaji sikutoza, bomba refu zaidi tukagawana nusu kwa nusu. Sasa juu ya kila ukurasa wa daftari naandika mwezi niliopima, na chini yake naandika mahali jua litakapokuwa miezi sita baadaye, kwa dira ya simu.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake wakati napita na vile vibonzo begani. Akanitazama mpaka nikafika mlangoni.

"Si nilikwambia dagaa nilikuwa naanika upande huo?"